Kusudi la Maisha kwa Vijana: Hupatikanaje?

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, nyumba nyingi hapa nchini hugawanyika katika makundi mawili. Katika nyumba moja huchinjwa kuku, na majirani huja kutoa pongezi. Katika nyumba ya pili mlango wa chumba cha kijana hufungwa, na wazazi huzungumza kwa sauti ya chini. Matokeo ya mtihani wa mwaka 2012 yalipotangazwa mwanzoni mwa mwaka 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata daraja sifuri. Taifa zima lilijadili upungufu wa walimu, vitabu na maabara, pamoja na namna ya kupanga madaraja, na ilikuwa haki kuyajadili hayo. Lakini lipo swali moja ambalo halikuulizwa sana: kijana aliyeambiwa tangu utotoni kwamba maisha yake yote yanategemea karatasi ile, ataamka kesho asubuhi kwa ajili ya nini?

Swali hili si la mashehe, mapadri na washairi peke yao. Kwa muda wa karibu miaka 100 wataalamu wa saikolojia, yaani sayansi inayochunguza nafsi na mienendo ya binadamu, wamelifanyia utafiti kwa kutumia hojaji, majaribio na uchunguzi wa vijiji vizima. Matokeo ya kazi yao hayakubaliani katika kila jambo, lakini yanaelekea upande mmoja. Kusudi la maisha halipandwi kwa hotuba, wala halipatikani kwa kijana kukaa peke yake akilitafakari. Aghalabu hupatikana pale anapokabidhiwa kazi ya kweli ambayo wengine wanaihitaji, na pale anapopata mtu mzima wa kumwuliza, kwa heshima, kwa nini anataka kile anachokitaka. Makala hii inakusudia kueleza ushahidi wa maneno hayo, na kuonyesha linalowezekana kufanywa na mzazi, mwalimu na kiongozi wa kijiji au mtaa.

Maana ya neno "kusudi"

Ni vyema kwanza tulieleze neno lenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku tunachanganya kusudi na tamaa, na hata na kazi ya mshahara. Kijana akisema, "Nataka kuwa daktari," tunaridhika kwamba ana kusudi. Huenda analo, na huenda anarudia tu jina la kazi aliyoisikia ikisifiwa sebuleni.

William Damon, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, pamoja na wenzake, walipendekeza mwaka 2003 maelezo ambayo watafiti wengi wanayatumia hadi leo. Kwao, kusudi ni nia yenye sifa tatu. Ya kwanza, ni nia ya kudumu. Si shauku ya wiki moja. Ya pili, ina maana kwa mwenye nia mwenyewe. Si mzigo aliotwikwa na wengine. Ya tatu, inatazama nje ya nafsi yake, yaani kuna watu, viumbe au jambo litakalonufaika kwa juhudi zake. Tamaa ya kupata nyumba nzuri si mbaya, lakini kwa kipimo hiki haijawa kusudi. Nia ya kujifunza ufundi bomba ili mama na jirani zake wasiendelee kuteka maji ya kisima kichafu ni kusudi kamili, hata kama mwenye nia hiyo hakuvuka darasa la saba.

Damon aliwachunguza vijana wa Marekani wenye umri wa miaka 12 hadi 22, na mwaka 2008 akaeleza matokeo hayo katika kitabu. Takriban mmoja kati ya watano tu alikuwa na kusudi lililo wazi na analolitendea kazi. Robo hivi walikuwa wanaelea bila mwelekeo. Waliobaki walikuwa katikati: baadhi wakiota ndoto nzuri pasipo kuchukua hatua, na wengine wakijaribu hili na lile bila kujua kwa nini. Hao ni vijana wa nchi yenye shule nyingi na mali nyingi. Ni dhahiri basi kwamba ukosefu wa kusudi hauponywi na utajiri peke yake.

Je, jambo hili lina uzito wowote katika afya ya mtu? Mwaka 2014 Patrick Hill na Nicholas Turiano walichapisha uchunguzi wa Wamarekani zaidi ya 6,000 waliofuatiliwa kwa miaka 14. Waliosema mwanzoni kwamba maisha yao yana kusudi walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kufa katika kipindi hicho, vijana kwa wazee. Hapa msomaji aangalie asiruke mpaka wa ushahidi. Mambo mawili yakiandamana, haithibitishi kwamba moja ndilo lililoleta jingine. Huenda mwenye afya njema ndiye anayeona kusudi kwa urahisi. Kwa sababu hiyo inafaa tutazame mahali ambapo kusudi liliondolewa ghafula, na mahali liliporudishwa.

Kijiji kilichosimama

Karibu na mji wa Vienna nchini Austria kilikuwapo kijiji kiitwacho Marienthal, ambacho uhai wake wote ulitegemea kiwanda kimoja cha nguo. Wakati wa mdororo mkuu wa uchumi wa dunia, kati ya mwaka 1929 na 1930, kiwanda hicho kilifungwa. Watafiti vijana wakiongozwa na Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda kuishi na wanakijiji, wakachunguza familia 478, na mwaka 1933 wakachapisha taarifa ambayo bado husomwa vyuoni.

Kabla ya hapo wengi walidhani kwamba watu wasio na kazi wangeghadhibika na kuleta vurugu, au wangetumia muda wao mwingi kusoma na kujiendeleza. Watafiti walikuta kinyume chake. Vitabu vilivyoazimwa katika maktaba ya kijiji vilipungua kwa karibu nusu, ijapokuwa watu walikuwa na saa nyingi kuliko wakati wowote wa maisha yao. Wanaume walipoombwa kueleza walifanya nini tangu asubuhi hadi jioni, wengi hawakuweza kukumbuka zaidi ya mambo mawili matatu. Saa zilipita bila alama.

Watafiti wale walifanya pia jambo ambalo kwa mbali huonekana kama mchezo: walisimama dirishani wakiwa na saa mkononi, wakapima mwendo wa wapita njia. Wanaume walitembea polepole na kusimama mara kwa mara. Wanawake walitembea haraka zaidi. Umaskini ulikuwa mmoja na njaa ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa kwamba mwanamke, hata baada ya kiwanda kufungwa, alisubiriwa nyumbani na watoto wa kulisha, nguo za kufua na moto wa kuwasha. Alikuwa anangojewa; mume wake hakuwa anangojewa na mtu yeyote.

Baadaye Jahoda alieleza kwamba kazi humpa mtu mambo matano zaidi ya mshahara: mgawanyo wa saa za siku, watu wa kukutana nao nje ya jamaa zake, lengo la pamoja lililo kubwa kuliko lake peke yake, hadhi ya kutambulika kuwa yeye ni nani, na shughuli ya kila siku isiyomwacha abweteke. Ukiyatazama mambo hayo matano kwa makini utaona kwamba shule nayo humpa kijana yote. Siku anapotoka shuleni bila cheti cha maana, huyapoteza yote kwa pamoja, kama watu wa Marienthal walivyoyapoteza. Tunapomwona kijana amekaa kijiweni tangu asubuhi na kumwita mvivu, pengine tunachokiona ni mwendo ule wa polepole uliopimwa zaidi ya miaka 90 iliyopita.

Dawa ya daktari kijana

Katika miaka hiyo hiyo, na katika mji huo huo wa Vienna, aliishi Viktor Frankl, aliyezaliwa mwaka 1905. Baadaye alijulikana duniani kote kwa kitabu alichokitoa mwaka 1946 kuhusu aliyoyaona katika kambi za mateso za Wanazi, ambamo alifungwa tangu mwaka 1942 hadi 1945. Lakini kazi yake kwa vijana ilianza mapema zaidi. Kuanzia mwaka 1928 alipanga vituo vya kuwapa vijana ushauri bila malipo. Aliona kwamba wanafunzi walikuwa wakijiua hasa katika majuma ya kutolewa ripoti za shule, na hivyo akaelekeza nguvu katika majuma hayo. Kwa maelezo yake, ulifika wakati ambapo hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyejiua mjini humo katika kipindi cha ripoti, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa miaka kadhaa.

Jambo la pili aliloliandika linatugusa zaidi. Alikutana na vijana wengi wasio na kazi waliojaa huzuni nzito. Akagundua kwamba katika vichwa vyao palikuwa na hesabu yenye kosa: kukosa kazi walikuhesabu kuwa ni kukosa faida, na kukosa faida wakakuhesabu kuwa ni kukosa maana ya kuishi. Frankl hakuwa na ajira za kugawa. Alichofanya ni kuwashawishi wajitolee katika vyama vya vijana, elimu ya watu wazima na maktaba za umma. Anaeleza kwamba huzuni ya wale waliokubali iliondoka, ijapokuwa hali yao ya fedha haikubadilika na matumbo yao yalibaki na njaa ile ile.

Hapa pana hatari ya kuelewa vibaya. Asitokee mwajiri akasema kwamba, kwa kuwa kusudi ni bora kuliko mshahara, basi vijana wamfanyie kazi bure mwaka baada ya mwaka kwa jina la kujitolea. Njaa ni njaa, na kijana anastahili ujira wa jasho lake. Frankl anatufundisha tu kwamba ajira ikichelewa, uhai wa kijana usichelewe pamoja nayo.

Majaribio ya miaka ya karibuni

Maelezo ya daktari mmoja, hata awe mwenye hekima kiasi gani, hayatoshi kuwa ushahidi wa kisayansi. Panahitajika majaribio yenye makundi mawili, moja likipewa jambo linalopimwa na jingine likipewa kitu tofauti, ili walinganishwe.

Mwaka 2014 David Yeager na wenzake walichapisha utafiti wa vijana zaidi ya 2,000 wa Marekani. Walitaka kujua ni sababu gani humfanya mwanafunzi avumilie masomo yanayochosha. Vijana waliokuwa na sababu ya kuwafaa wengine, mbali na kujinufaisha, walivumilia hesabu za kuchosha hata pale walipoweza kuziacha na kutazama filamu kwenye kompyuta. Katika jaribio mojawapo wanafunzi walitumia muda usiotimia saa moja kusoma sababu ambazo wenzao huzitoa za kujisomea, kisha wakaandika za kwao wenyewe na kueleza namna elimu yao ingeweza kuufaa ulimwengu. Miezi kadhaa baadaye alama zao za hisabati na sayansi zilikuwa zimepanda kuliko za kundi la kulinganishia, na faida hiyo ilionekana zaidi kwa wale waliokuwa nyuma darasani. Izingatiwe kwamba hawakuhubiriwa. Waliulizwa, nao wakajibu kwa kalamu zao.

Utafiti mwingine, uliochapishwa na Matthew Bundick mwaka 2011, ulihusu mazungumzo matupu. Wanafunzi wa chuo walioketi na mtafiti kwa muda usiozidi saa moja, wakazungumza kuhusu mambo wanayoyathamini na yale wanayoyataka maishani, walionekana baada ya miezi 9 kuwa na mwelekeo na kuridhika zaidi kuliko wenzao ambao hawakuzungumza na mtu. Hakuna shule nchini iliyo maskini kiasi cha kushindwa gharama hiyo.

Karibu na kwetu zaidi, nchini Kenya, ulifanyika mradi uliopewa jina la Shamiri, neno ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa. Wanafunzi 413 wa sekondari katika kaunti za Nairobi na Kiambu, waliokuwa na dalili za huzuni au wasiwasi mkubwa, waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilifundishwa mbinu za kujisomea. Kundi la pili lilifanya vikao vinne kuhusu imani kwamba mtu anaweza kubadilika na kukua, kuhusu kushukuru, na kuhusu kuyatambua mambo anayoyathamini kuliko yote na kuyatendea kazi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini la pili lilipata zaidi, na nafuu hiyo ilikuwapo hata baada ya miezi 7. Kwa kuwa mambo matatu yalifundishwa pamoja, hatuwezi kusema lipi lilifanya kazi zaidi. Lakini walioongoza vikao hivyo hawakuwa madaktari. Walikuwa vijana waliomaliza sekondari karibuni, waliopewa mafunzo mafupi. Tuna haki ya kujiuliza kama hao nao hawakuondoka na kitu.

Uzoefu wa hapa nchini

Jambo hili si geni kwetu. Katika makabila mengi jando na unyago havikuwa mafundisho ya maneno tu. Kijana alitoka huko akiwa na wajibu mpya unaojulikana na wote: kuchunga, kulinda, kulima shamba lake, kusaidia kulea. Jina lake katika jamii lilibadilika kwa sababu kazi yake ilibadilika.

Baada ya uhuru, serikali ilijaribu kuwapa vijana wajibu wa taifa zima. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Lakini mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu mjini Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine waliandamana kupinga masharti ya kulazimishwa kutumikia jeshi hilo kwa sehemu tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, naye mwenyewe akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Tukio hilo laweza kusomwa kwa njia nyingi. Kwa makala hii, funzo lake ni kwamba amri yaweza kumpeleka kijana kazini, lakini haiwezi kumtia kusudi. Na kwamba mkubwa anayedai kujitoa kwa wengine hana budi kuanza na mfuko wake.

Miaka michache baadaye tulifanya jaribio lingine. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka watoto wote waende shule za msingi, walimu hawakutosha. Makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakawekwa mbele ya madarasa vijijini mwao huku wakifunzwa ualimu kazini, kwa masomo ya posta na ya redio. Wapo wataalamu wanaohoji ubora wa elimu iliyotolewa kwa njia hiyo, na hoja zao zina uzito. Lakini tutazame upande mwingine wa shilingi. Kijana ambaye mtihani ulikuwa umemwambia kwamba safari yake imekwisha, aliamka asubuhi akiwa anangojewa na watoto wengi waliokuwa hawajui kusoma. Wengi wa vijana hao walibaki katika ualimu maisha yao yote.

Mgeni na jembe

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuitumia methali hii kumsuta mgeni mvivu, lakini ina maana nyingine iliyo na adabu zaidi. Jembe si adhabu. Mgeni anapokabidhiwa jembe ndipo anapoacha kuwa mgeni. Sasa pana tuta linalomtegemea, na mavuno yakija atakuwa na sehemu yake. Vijana wetu wengi wanakaa kama wageni katika nyumba zao wenyewe kwa miaka. Tunawalisha, tunawashauri na tunawalaumu, lakini jembe hatujawapa.

Kutokana na ushahidi uliotajwa, yafuatayo yanawezekana pasipo kusubiri bajeti.

Kwanza, tubadilishe swali. Badala ya kumwuliza kijana, "Utakuwa nani?" tumwulize, "Ni jambo gani hapa kwetu linalokuuma, na ungependa ulione limebadilika?" Akijibu, tumwulize kwa nini, akijibu tena, tumwulize tena, kwa upole, bila kumkatiza na bila kumtolea hotuba. Binti anayesema anataka kuwa mwuguzi, akiulizwa mara tatu, huenda akatueleza habari za bibi yake aliyeugua bila mtu wa kumhudumia. Hapo ndipo kusudi lilipo. Akikosa nafasi ya uuguzi, bado ziko njia nyingine za kulifikia.

Pili, tuwape kazi ambayo ikiachwa pengo litaonekana. Kufagia uwanja kwa sababu mgeni rasmi anakuja hakumjengi mtu. Kutunza daftari la maji la kijiji, kumfundisha kusoma mzee anayetaka kusoma Kurani au Biblia yake, kupima mvua kila asubuhi kwa ajili ya wakulima, kulea kitalu cha miche ya shule, kuongoza kikundi cha wadogo katika hesabu: hizo ni kazi zenye watu wanaongoja. Ikiwa zina kipato, kijana apewe haki yake.

Tatu, kila kijana ahitaji angalau mtu mzima mmoja asiye mzazi wake wa kumtazama akifanya kazi. Fundi seremala, mwalimu mstaafu, mjomba au shangazi anaweza kusema neno ambalo likitoka kwa baba husikika kama amri.

Nne, majuma ya matokeo ya mitihani yawe majuma ya kuwatembelea vijana. Frankl alilifahamu hilo karibu miaka 100 iliyopita. Kijana anayesema amechoka kuishi asiachwe peke yake wala asikemewe. Aketi na mtu, na apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, maana hiyo ni dharura kama dharura nyingine.

Sayansi haiwezi kumwambia kijana kusudi lake ni lipi. Hilo ni lake mwenyewe, na huenda likabadilika mara mbili tatu kabla hajafikisha miaka 30. Inachoweza kutuambia ni mazingira ambamo kusudi huota na yale ambamo hunyauka, na sehemu kubwa ya mazingira hayo yako mikononi mwa watu wazima. Matokeo yajayo yatatangazwa, na baadhi ya milango itafungwa tena. Kila mmoja wetu anaifahamu walau nyumba moja ya namna hiyo. Aende akabishe hodi, na asiende mikono mitupu: awe na swali la kumwuliza kijana huyo, na kazi ya kumkabidhi.